Ushahidi Wangu juu ya Mlango wa Nne

Machi 2, Jumatatu

Mimi ndiye niliyemuunganisha mkuu wa nchi na ulimwengu. Enzi za ubao wa simu, akitaka kuzungumza na ng'ambo, hakuwa na njia nyingine ila kupitia kwangu. "Opereta, nipe laini." Nikampa.

Basi, uongo. Nilimuunganisha mpishi wake. Naye alikuwa akimtafuta shemeji yake, na laini ilikatika hawajamaliza hata salamu. Lakini opereta nilikuwa kweli, miaka thelathini na moja, visikilizio kichwani, mbele yangu ubao wa matundu mia na ishirini. Darasani niliishia la tano, ila sikio langu lina digrii. Nayasema haya ili wewe mwanangu, utakaporudi kutoka huko ulikokwenda kufunga mitambo ya kiwanda, ujue aliyeandika ni mtu aliyezoea kusikia mambo yasiyomhusu na kuyaelewa.

Daftari hili ni la ushahidi. Mkeo ana jambo.

Mvua imeanza leo.

Machi 3, Jumanne

Nilikuwa nimelala kwenye kochi, yaani nimefumba macho. Mkeo alikuwa pale kwenye meza yake ya pembeni ya dirisha, na kompyuta yake, anazungumza na simu kwa sauti ya chini. Naandika neno kwa neno:

"Wa kwanza umefunguka. Wa pili umefunguka. Wa nne umejibu, ila umechelewa sana… Hapana, usipite mbele. Pita mlango wa nyuma, ufunguo nimeshakutumia… Mzee? Amelala."

Amelala! Nikakoroma kidogo kumpa moyo.

Akakata simu, akawa anatabasamu.

Nyumba hii ina milango mitano. Nimeihesabu kuanzia mbele: wa nne ni wa choo, ambao si mlango, ni bati lenye kiburi. Nikahesabu kuanzia uani: wa nne ni wa chumba changu. Sasa mtu mwenye ufunguo, anayepita nyuma, anatafuta nini chumbani kwa mzee?

Nimeegemeza kiti mlangoni.

Machi 5, Alhamisi

Mvua. Kiti kimeniangukia kidoleni nilipokuwa natoka kwenda kunawa uso. Naliweka hili kwenye ushahidi pia.

Machi 8, Jumapili

Nimevuka uchochoro kwenda kwa dada yangu mkubwa, shangazi yako, nimwage mtama. Nilimkuta anajidunga sindano yake ya sukari, akaniambia nigeuke ukutani kama vile kuna kitu cha kuona.

Nikamweleza yote: milango, ufunguo, tabasamu.

"Wewe mtoto," akasema (nina miaka sabini na nne), "tangu utotoni unatega sikio kwenye tundu la mlango. Siku moja mama alikufungulia ghafla ukaangukia kwenye beseni la nguo."

"Hilo halihusiani."

"Linahusiana sana. Yule binti ndiye aliyeniwekea kwenye simu kile kitu cha kuuliza dawa iko zahanati gani. Zamani nilikuwa nazunguka zahanati tatu kutafuta insulini. Sasa naminya kidole naambiwa, iko pale, maboksi kadhaa. Muache."

Nikamwambia mtu mwovu huanza kwa kuwatendea wema wagonjwa. Akanitupia kandambili.

Machi 9, Jumatatu

Mwanamume amekuja. Nalirudia: mwanamume amekuja hapa, saa nne asubuhi, amevaa tai kwenye mvua. Nani anavaa tai kwenye mvua? Nimempa jina la Tai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepitia mlango upi?"

Akashangaa. "Huu huu wa mbele, mzee."

"Nauliza tu."

Wakakaa mezani, na kiti changu nikakisogeza kusoma gazeti la mwaka jana. Tai akasema, "Mlango wa nne ndio unaoninyima raha." Mkwe akajibu, "Na mimi pia, lakini nitaujaribu kila dakika tano, mchana kutwa."

Uvumilivu ukaniishia. Nikasema, "Mama, mimi ni mtu mzima. Mlango wa nne ni wangu. Kama kuna mtu anataka kuujaribu kila dakika tano, aniambie ana shida gani, nimfungulie, yaishe."

Wakaangaliana. Tai aliinama chini ya meza akijifanya kaangusha kalamu. Mkwe, sina budi kuwa mkweli, hakucheka. Alinivutia kiti.

Akanieleza hivi. Tai ni mwenzake wa kazini. Ule mfumo wa kuulizia dawa uko kwenye mashine fulani mbali huko. Una sehemu saba za kuulizia, na kazini kwao wanaziita milango. Simu ya mgonjwa au kompyuta ya zahanati inagonga mlango, inauliza, inajibiwa. Mlango wa kwanza unauliza wewe nani. Wa pili unakutajia zahanati. Wa nne ndio wa dawa: ipi iko wapi, maboksi mangapi. Ufunguo si wa chuma, ni maneno ya siri. Naye mkwe ameandika programu inayozunguka kila dakika tano ikigonga milango yote saba. Mlango ukiwa mzima unajibu namba, mia mbili. Ukiwa mgonjwa unajibu mia tano, au unakaa kimya. Mia mbili, taa ya kijani kwenye skrini. Vinginevyo nyekundu, na ile simu kuukuu kwenye rafu ya vitabu inalia.

"Kwa hiyo kuna mtu anapiga hodi siku nzima," nikasema.

"Ndiyo, baba. Hodi tu. Akijibiwa karibu, anakwenda mlango mwingine."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina."

Mtu asiye na jina hapitishwi kwenye nyumba za watu. Nimemwita Bwana Hodi.

Halafu akaniambia lingine, na hapo uso wake ukabadilika. Meneja wao amewapa muda mpaka mwisho wa Aprili. Mfumo ukilala hata mara moja mkwe asijue, kazi yote inapewa kampuni nyingine, naye ndiye aliyeianzisha kutoka sifuri, meza hii hii.

Sawa. Nimesikia. Lakini tabasamu la Machi 3 hakulieleza.

Machi 12, Alhamisi

Kijani saba. Mvua.

Machi 17, Jumanne

Ile simu ya rafuni imelia leo kwa mara ya kwanza. Mlio wenyewe ni kama mbuzi aliyekanyagwa na mtu mnene. Nilimwaga chai yote mapajani. Mkwe aliruka kutoka jikoni, akagongagonga vitufe, mbuzi akanyamaza. Dakika tatu tu. Nimekiri moyoni: kwenye ubao wetu hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi vile, isipokuwa mimi, na mimi natia chumvi.

Nikamuuliza kwa nini mbuzi. Akasema ndio mlio aliokuta humo.

Machi 20, Ijumaa

Tai amekuja tena, kavaa tai nyingine. Wamebishana. Yeye anataka ripoti ya meneja ionekane nzuri, mkwe anataka iwe ya kweli. Mtu anayetaka ripoti ionekane nzuri namjua, nimefanya naye kazi. Nimeanza kumpeleleza huyu badala ya mkeo. Daftari ni lile lile, mshukiwa ndiye kabadilika.

Machi 27, Ijumaa

Mvua kubwa kuliko zote. Mkwe alikwenda ofisini kwenye kikao. Huko simu zinaachwa mapokezi, kwa hiyo alinipa namba ya mapokezi kwenye karatasi. "Baba, ile simu ikilia piga hapa, sema tu mlango umekufa. Wataniita."

Saa nane na dakika kumi mbuzi alilia. Mara akaacha. Sijui aliachaje.

Saa kumi na moja mkwe amerudi, macho mekundu kuliko zile taa. Mlango wa nne ulilala dakika hamsini. Mvua ilikata njia ya kwenda kwenye kumbukumbu za bohari ya dawa. Manesi walimpigia meneja wenyewe, meneja akaingia kikaoni akamuuliza mbele ya watu, "Mlio wako uko wapi?" Akajibu labda haukulia. Tai alikuwa ameshaurudisha mlango. Mkwe kapewa onyo la mwisho.

Hakuniuliza kitu. Alisema, "Labda haikulia."

Nikasema, "Labda."

Namshuku Tai.

Machi 28, Jumamosi

Daftari la ushahidi lisilo na ukweli ni karatasi ya kufungia karanga. Nimelala vibaya. Naandika.

Mbuzi alilia saa nane na kumi, nami nilikuwa kwenye usingizi wa mchana, ule mtamu unaokuja na mvua ya batini. Nikamfunika na mto wa kochi. Akaendelea kulia mle ndani, kwa uchungu zaidi. Nikamtoa, nikaminya kitufe cha pembeni mpaka akazimika. Karatasi ya namba ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nikajiambia nitapiga nikiamka, dakika mbili tu. Niliamka saa tisa.

Miaka thelathini na moja sijawahi kuacha simu ikalia bila kujibu. Rekodi hiyo jana nimeivunja kwa mto.

Nitamwambia. Si leo. Leo uso wake haufai kuambiwa kitu.

Machi 30, Jumatatu

Sijamwambia. Mvua.

Aprili 1, Jumatano

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, akaniletea chai, nikaujaza chai.

Kijani saba.

Aprili 6, Jumatatu

Kuna kitu. Nimekuwa nikikodolea ile skrini, maana sina tena usingizi wa mchana. Mlango wa kwanza hupotea dakika moja, unarudi. Wa tano, siku ya mvua, hukohoa. Wa nne, uliokuwa mgonjwa kuliko yote, tangu ile Ijumaa haujakohoa hata mara moja. Umeme unakatika mjini, wenyewe kijani. Radi, kijani. Unajibu haraka kuliko wenzake wote.

Nilimjua mtu mmoja aliyekuwa hivyo.

Nimemdokeza mkwe. Amesema Tai aliutengeneza vizuri siku ile. Alisema pia manesi wawili wamepiga kulalamika namba hazilingani, akadhani wamesoma vibaya. Amechoka, anakula amesimama.

Aprili 9, Alhamisi

Dada yangu yuko hospitali.

Alipozinduka kidogo alitueleza mwenyewe. Jumanne insulini yake ilimwishia. Akaminya simu, ikamwambia zahanati ya bondeni ina maboksi manne. Hakuniambia, hataki kusindikizwa na mtu anayemwita dada huku akimcheka mwendo. Akaenda kwa miguu, na mwavuli. Dirishani nesi akamwambia, "Bibi, hapa tuna wiki ya pili hatuna." Dada akamwonyesha simu. Nesi akamwonyesha friji tupu. Akarudi. Jana akajaribu tena, simu ikasema yale yale, maboksi manne bondeni. Akafikiri nesi alimficha. Akashuka tena! Leo asubuhi nilimkuta sakafuni, ulimi mkavu, ananiita kwa jina la marehemu baba yetu.

Mkwe alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Mgongoni, mwanangu. Kwenye matope. Alipoteza kiatu na hakugeuka kukitazama.

Daktari amesema atapona. Tulipomwacha amelala tukarudi nyumbani saa saba, mkwe hakubadili hata nguo. Alikaa mbele ya skrini.

Kijani saba.

"Uko sawa," akasema. "Baba, mlango uko sawa. Tazama. Mia mbili, mia mbili, mia mbili." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemuuliza mwizi kama ameiba.

Nikavuta kiti. "Bwana Hodi anauliza nini pale mlangoni?"

"Anagonga tu."

"Na wao wanasema karibu."

"Ndiyo."

"Nani anasema karibu?"

Akanigeukia.

Nikamsimulia. Kila asubuhi saa moja tulipiga simu vituo vyote, kimoja kimoja. Tunauliza "Upo?" Kituo kinajibu "Nipo," tunatia alama, basi. Kituo cha mlimani kilikuwa na opereta tuliyemwita Shuka, kwa kupenda kwake kulala. Shuka hakukosa alama hata siku moja. Mwaka mzima, nipo, nipo, nipo, haraka kuliko wote. Mpaka siku daraja la huko lilipobomoka, tukapiga: "Upo?" "Nipo." "Daraja likoje?" "Nipo." "We Shuka, nakuuliza daraja!" "Nipo." Kumbe alimfundisha mfagiaji ainue mkono wa simu, aseme neno lile moja, aweke chini. Shuka yuko kwake anakoroma. Toka siku ile msimamizi wetu akapiga marufuku kuuliza "Upo?" Ikawa, "Saa ya ukutani kwako inasema saa ngapi?" Mfagiaji hakufundishwa saa.

Mkwe aligeukia kompyuta. Alianza kuandika. Mara hii hakugonga tu, aliuliza: zahanati ya bondeni, insulini, maboksi mangapi? Mlango ukajibu manne. Mimi nikashika simu ya kawaida, nikampigia nesi wa bondeni. Sifuri. Zahanati ya sokoni: mlango, tisa. Nesi, mawili. Tuligonga kumi na moja. Mimi napiga, natangaza kwa sauti yangu ya zamani, yeye anaandika. Kwa robo saa sikuwa na miaka sabini na nne.

"Saa yake," nikasema. "Muulize saa yake."

Akatafuta. Ile orodha ilikuwa na tarehe ndani yake, ndogo, mahali asipotazama mtu. Akaisoma polepole.

"Machi ishirini na saba. Saa nane na dakika tano mchana."

Dakika tano kabla ya mbuzi. Nilijihisi kama yule aliyefunguliwa mlango ghafla akaangukia kwenye beseni.

Alimpigia Tai, akaweka sauti nje. Akamsomea ile tarehe. Tai akasema, "Ile siku manesi walikuwa wanapiga, meneja ananisimamia kichwani, wewe hupatikani. Nikabandika nakala ya mwisho ya orodha pale mlangoni, wapate cha kusoma mpaka njia irudi. Nilipanga kuibandua Jumatatu."

"Ukaibandua?"

"Nikasahau."

"Siku kumi na tatu," mkwe akasema. "Watu wanasoma karatasi iliyobandikwa. Na mimi naipa kijani." Hakumtukana. Akasema, "Hata mimi. Nilimwandika Bwana Hodi kivivu. Nilijua ingebidi aulize zaidi, nikasema nitafanya baadaye."

Kila mtu pale alikuwa na kitu cha kusema kuhusu baadaye. Mimi mfukoni mwangu karatasi ya namba ya mapokezi ilikuwa bado, imefuliwa na shati.

Sikusema. Naandika haya na sijasema.

Aprili 10, Ijumaa

Nimesema.

Nakala imebanduliwa jana ile ile, mlango unajibu kweli. Lakini saa tatu asubuhi meneja alipiga. Mkwe akaweka sauti nje, maana mikono yake ilikuwa inaandika. Meneja ana sauti ya mtu anayekata karatasi kwa mkasi. Akasema kosa la nakala ni la Tai, sawa. Lakini Tai asingebandika kitu kama mwenye mfumo angepatikana ile Ijumaa. "Nilikuuliza mlio ulikuwa wapi. Ukaniambia labda haukulia. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha ulitumwa. Kwa hiyo ulilia, na wewe hukujali, au uliuzima ili uende kikaoni kwa raha. Nitajie sababu ya kutokukuondoa leo."

Mkwe akafungua mdomo. Akanitazama mara moja tu, haraka, akafunga.

Mwanangu, alikuwa anajua. Sijui tangu lini. Labda tangu siku ile alipouokota ule mto sakafuni. Alijua, na kazi yake ilikuwa inaondoka, na hakunitaja.

Nikasema kwa sauti ya opereta, "Ulilia. Nimeuzima mimi."

"Nani huyo?"

"Baba mkwe. Nilikuwa nataka kulala."

Meneja akasema, kwa upole mbaya, "Mzee wangu, nakuelewa. Mtu wa nyumbani lazima amtetee wake."

"Kumtetea!" Niliwaka moto. "Mimi nimtetee huyu? Mimi nina daftari zima nimeandika dhidi yake! Tangu Machi mbili! Subiri hapo hapo, usikate!"

Nikaenda chumbani, nikaangusha kile kiti, nikarudi na daftari, nikavaa miwani, nikamsomea. Nilimsomea milango mitano. Nikamsomea ufunguo na tabasamu. Nikamsomea Tai kwenye mvua. Mkwe alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili. Nikafika Machi 27, saa nane na dakika kumi, na ule uongo wangu wa "sijui aliachaje". Nikafika Machi 28, mto, kitufe, saa tisa.

Nilipomaliza nikagonga simu kwa kidole. Nikadhani laini imekatika.

"Hebu nisomee tena pale pa mto," meneja akasema. Sauti ilikuwa imelegea.

Nikasoma tena.

Akashusha pumzi. "Muda wa majaribio unaendelea. Mpaka mwisho wa Aprili, kama tulivyosema. Na huyo mzee asiachiwe simu."

"Nitamwachia," mkwe akasema. "Ndiye aliyeugundua mlango wa nne."

Alipokata, nilingoja anipe ukweli wangu. Alisema tu, "Baba, mimi natabasamu hivyo kila programu ikikubali. Hata ukiniona jikoni peke yangu."

Ndiyo hiyo Machi 3. Nimeifuta kwa mstari mmoja, lakini bado inasomeka.

Aprili 14, Jumanne

Dada karudi. Amekonda, ulimi umenenepa. Ameambiwa yote. Akaniuliza, "Mto upi? Ule wa maua?" Nikasema ndiyo. "Niliushona mimi," akasema, na mpaka sasa sijui alimaanisha nini.

Bwana Hodi ameandikwa upya. Anauliza tarehe ya orodha, ikizidi saa moja mbuzi analia. Na kuna zahanati moja ya ziada ambayo haipo duniani. Mkwe ameiunda kwa ajili yangu, wagonjwa hawaioni. Kila asubuhi saa moja naingiza kwenye simu idadi ya maboksi nitakayo, kichwani mwangu tu. Bwana Hodi akipita mlango wa nne lazima airudishe namba ile ile. Anayejibu "nipo" tu, amepatikana. Leo nimeweka kumi na saba. Kesho nitaweka mia nne, nione kama wanastuka.

Nimemwomba kitu kimoja, akasema, "Nakuahidi baba, wiki hii hii." Nimeandika tarehe.

Aprili 21, Jumanne

Hamsini na tatu. Imerudi hamsini na tatu. Mvua inachoka.

Aprili 24, Ijumaa

Mlango wa nne umekufa leo saa sita kasoro. Mkwe alikuwa sokoni. Nilimpigia kabla mbuzi hajavuta pumzi ya pili. "Mlango umekufa," nikasema, na nikakaa nao macho mpaka ukafufuka, dakika sita. Tai alipiga kunishukuru. Bado namshuku kidogo, tai zile hazina maelezo.

Aprili 30, Alhamisi

Jua. Meneja amepiga saa nne: kazi inabaki mezani hapa, kwenye pembe ya dirisha. Mkwe alitabasamu, na mara hii nimeandika sababu.

Mwanangu anarudi kesho kutwa. Nimefikiria sana nani apewe daftari hili. Yeye hana haja nalo. Kwa hiyo mama, mkwe wangu, nakuwekea hapa juu ya kompyuta yako. Soma yote, hata pabaya. Mumeo msomee kuanzia Aprili.

Na ukishamaliza kusoma: uliniahidi tarehe 14 kwamba utamtoa yule mbuzi uweke kengele ya ubao wangu wa simu. Nilikuimbia mara tatu, ukasema umeshika. Leo ni siku ya kumi na sita na mbuzi bado yupo. Mbili fupi, moja ndefu, mama. Hilo tu nakudai.